Bunduki ya Mwenye Nyumba

Kila Jumamosi mwenye nyumba wao pale mtaa wa La Rochelle hukaa barazani akiipangusa bunduki yake, ile inayojipakia risasi yenyewe, kwa flaneli laini kuliko nepi za Elisée, mtoto wa mpangaji wake Marcelline. Alama ya kidole ikibaki kwenye ule weusi wake, huipulizia pumzi kama miwani. Kisha huifyatua tupu, ameitegea sikio, na kuguna: "Kifyatulio kizito kidogo, mama Elisée. Lakini mwizi athubutu tu, eish!"

Jumamosi moja, Marcelline akianua nguo mvua ya mawe ikianza, wezi wawili wakatoka chumbani mwake na cherehani inayomlisha yeye na mwanawe. "Papa, bunduki! Wanaondoka nayo!" akamlilia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akakimbia hadi ukingo wa baraza, akatazama mbingu, akavua koti lake na kuifunika bunduki. "Na mvua hii, mama? Itaota kutu."

Marcelline akashika sufuria na mwiko, akatoka akigonga na kupiga mayowe hadi mtaa mzima ukafungua milango. Wezi wakaibwaga cherehani getini. Aliporudi nayo barazani, amelowa chapachapa, mwenye nyumba aliikumbatia bunduki akarudi nyuma. "Taratibu, mama, utailowesha!"