Hatua za Kuuzia na Hatua za Kununulia

Wenzangu, kabla hamjaniuliza kwa nini nyumba nzuri kama hii mlango wake unafungukia barabarani, kaeni niwaeleze mwenyewe. Mkiisikia kwa majirani mtaisikia imetiwa chumvi, na hii ilivyo chumvi yake inatosha.

Naitwa Faraji. Nilikuwa fundi bomba, sasa nimestaafu, kazi yangu ni kukaa. Nakaa huku juu, ukishapita Wazo, mtaa ambao wakati tunahamia ulikuwa mikorosho na nyoka. Siku zile ardhi haikupimwa kwa tepu, ilipimwa kwa miguu. Ukitaka kiwanja, wewe na muuzaji na mjumbe mnaingia porini, mtu mmoja anaweka kisigino kwenye kisiki, anatupa hatua: moja, mbili, mpaka ishirini. Anakata kona, anatupa ishirini nyingine. Mnachomeka minyaa kwenye pembe, mnarudi kwa mjumbe kuandikiana: "eneo la hatua ishirini kwa ishirini." Mashahidi wanaweka dole gumba, soda zinafunguliwa, umeshakuwa mwenye mji. Hatua za nani, karatasi haisemi.

Sasa mie Mungu kanipa miguu. Mnaiona. Wanunuzi wakawa wananifuata kazini, "Braza, Jumamosi njoo unitupie hatua." Siku niliyonunua kipande changu mwenyewe, cha ishirini kwa arobaini, nilitembea kama mtu anayevuka madimbwi na suruali ya Idi. Muuzaji, mzee wa watu, alinitazama mpaka hatua ya kumi, akasema, "Bwana mdogo, utachanika msamba." Nikamjibu ndivyo ninavyotembeaga.

Miaka mitatu baadaye nikapungukiwa, nikakata nusu ya nyuma niuze. Mnunuzi akawa Mwalimu Auleria, mwalimu wa shule ya msingi, mjane, mtu wa Bukoba, mpole, husema kidogo na kuandika sana. Siku ile nilitembea kama bibi harusi anaingia ukumbini. Mwalimu kasimama na daftari lake kifuani, anaangalia viatu vyangu.

"Mzee Faraji, leo unaumwa?"

"Nyonga, Mwalimu."

"Pole," akasema, akaandika ishirini.

Kwa hiyo nilikuwa na hatua za kununulia na hatua za kuuzia, na wala sikuona haya. Nilijiona mjanja. Watu walinisifu kwenye kahawa nilipowasimulia ile nyonga, na mie nikisifiwa huwa siulizi nasifiwa kwa nini.

Njia ya kufika kwa Mwalimu niliiacha ubavuni mwa kiwanja changu, kati yangu na korongo. Kipimo chake kilikuwa cha desturi: njia ya kupita jeneza. Watu wanne wabebe, wawili kila upande, wapite bila kukwaruza mabega. Gari nani alikuwa nalo? Halafu nikalipwa kiinua mgongo, kikaniinua kichwa. Nikajenga baraza upande huohuo wa njia, maana ndiko kwenye upepo. Nguzo nne, vigae vyekundu, ukingo wa matofali ya maua. Baraza likaisukuma njia kuelekea korongoni, mpaka marehemu yeyote wa kule nyuma ingebidi apitishwe kwa ubavu. Mwalimu hakusema kitu. Nikachukulia kuwa amelipenda baraza.

Ndipo ukaja urasimishaji. Mwenyekiti wa mtaa akaita mkutano, tukaelezwa: makazi yetu yamejengwa holela, sasa yatachorwa, yatapimwa, yatawekwa bikoni, yale mawe ya mipaka, na kila mtu atapata hati yake. Sharti ni kwamba kila kiwanja kifikiwe na barabara, isipungue mita nne. Kiwanja kisicho na barabara hakipewi namba kwenye mchoro, na bila namba, hati utaisikia kwa wenzio. Na ardhi ya barabara hailipwi fidia, tunachangiana wenyewe kwa ridhaa, kila mtu anasaini fomu yake.

Ikatakiwa kamati ya wananchi. Mwenyekiti wa kamati wakanichagua mie, kwa sababu ya mdomo.

Wenzangu, nilihubiri. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na ile bahasha ya fomu kwapani. Mtu akisita namwambia, "Ndugu yangu, barabara ni sadaka. Mita moja unayotoa leo, gari la zimamoto litakuja kuishukuru." Mmoja alibomoa banda la kuku. Mwingine alikata choo katikati, kwa muda akawa anaoga kwa jirani. Jioni nakaa barazani kwangu, miguu juu ya ukingo, nawasimulia wapitao jinsi watu wa mtaa huu walivyo na moyo. Fomu zikajaa. Yangu sikuisaini. Sikuificha, ila sikuona haraka, maana mie nilikuwa mwenyekiti.

Mpimaji aliyeleta mchoro alikuwa binti mmoja anaitwa Vaileth, wa kampuni iliyopewa kazi ile. Akanipa shikamoo, akautandaza mchoro palepale kwenye vigae vyangu, akaubana na kandambili zangu pembe mbili. Nikavaa miwani.

"Hii mistari miwili ni nini, mwanangu?"

"Barabara ya kwenda kiwanja cha nyuma, mzee. Mita nne. Upande huu ni korongo, mvua inalila kila mwaka, hatuwezi kusogea huko. Kwa hiyo inapita hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tulipokaa."

Nikageuka nyuma nikaona ukuta wa sebule yangu. Mstari wa pili ulipita sambamba nao kama uliochorwa na mtu mwenye kinyongo.

"Hatukulazimishi, mzee," akasema Vaileth. "Ni ridhaa. Usiporidhia, hiki cha Mwalimu nakiacha nje ya mchoro, tunaendelea na vingine. Ila sitaweza kurudi. Tunapeleka mchoro Jumatatu."

Ilikuwa Alhamisi. Mke wangu Munira alikuwa mlangoni anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Baba Najat, si unasaini tu?"

"Mama Najat, hili baraza lipo ndani ya eneo langu nililonunua kihalali. Nina karatasi."

"Mie sijasema huna karatasi."

Habari zikatangulia mtaani kabla yangu. Ijumaa baada ya swala, Leonardi, ndiye mjumbe wetu, akanishika mkono nje ya msikiti. Yeye Mkristo, alikuwa ananisubiri kwenye genge la ndizi.

"Mwenyekiti, watu wanasema baraza lako limekaa juu ya njia."

"Watu gani?"

"Wenye mabanda ya kuku."

Hapo kikanipanda. Nikamwambia kesho asubuhi aje, aje na Mwalimu, aje na binti wa vipimo, aje na kila mwenye banda. Karatasi yangu ya mauziano inasema hatua ishirini kutoka minyaa ya magharibi. Nitazitupa mbele ya wote, na hatua ya ishirini ikiangukia nje ya nguzo, basi baraza ni langu, mtu asinitolee macho. Sikulala vizuri. Nilikuwa nanyoosha misuli.

Jumamosi saa mbili uwanja umejaa. Nimevaa raba. Nikaweka kisigino kwenye minyaa, nikapiga bismillahi, nikaanza. Wenzangu, nina miaka sitini na saba. Hatua tano za kwanza zilikuwa za ujana wangu kabisa. Ya nane goti likalia kama mlango. Ya kumi na moja watu wakaanza kuhesabu pamoja nami, nikadhani wananishangilia. Nilipita pembeni ya nyumba nimetanua miguu kama panga la feni, jasho linaingia machoni, na ya ishirini kisigino kikatua nje ya nguzo ya mwisho, karibu nianguke korongoni.

"Mmeona?" nikasema, nimeishika nguzo, ili nipumue. "Baraza lipo ndani."

Leonardi akaandika. Mwalimu Auleria akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya miaka ile, ikiwa safi kama ya jana.

"Vizuri sana, Mzee Faraji. Hizo ndizo hatua, mashahidi wameziona," akasema. "Na yangu imeandikwa ishirini kwa ishirini. Naomba unitupie na mimi. Hizohizo."

Nikataka kusema goti. Lakini dakika moja nyuma goti lilikuwa zima mbele ya mtaa mzima.

Tukaenda mpaka mwisho wa kiwanja chake, kwenye ukuta wa nyuma ambao hauna ubishi. Nikaanza kuja kuelekea kwangu. Nilijaribu kufupisha. Hatua ya pili tu, sauti ya mwenye choo kilichokatwa ikatoka nyuma: "Mwenyekiti, mbona nyonga?" Nikarefusha. Hatua ya kumi na saba nilikuwa kwenye uzio unaotutenganisha. Vijana wakaushusha nipite. Ya kumi na nane ikawa kwangu, kwenye kamba ya nguo. Ya kumi na tisa, kizingiti cha jiko. Ya ishirini nilisimama ndani ya jiko la Munira, mguu mmoja kando ya mafiga, sufuria ya maharage inachemka, na mke wangu ameshika mwiko ananitazama.

"Karibu," akasema Munira. "Umekuja kuuza au kununua?"

Kule nje watu walikuwa wamekaa chini kwa kucheka.

Nikatoka. Nikasema, na hili ndilo neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kusema, na nimesema mengi: "Jamani, kile cha Mwalimu hatukukipima kwa hatua hizi."

Leonardi akanyanyua kalamu. "Tulikipima kwa hatua zipi, Mwenyekiti? Niandike."

Sikuwa na pa kuingia. Nikisema zilikuwa fupi, nimekiri wizi mbele ya mashahidi sitini. Nikisema zilikuwa hizi, jiko la mke wangu ni la Mwalimu. Vaileth, mtoto wa watu, alikuwa anautazama mchoro wake kwa bidii sana, mabega yanamtikisika.

Mwalimu ndiye aliyeniokoa, na alinistahi kuliko nilivyostahili. "Jiko sitaki," akasema. "Kula maharage ya Mama Najat nakula hata bila kulimiliki. Ninataka bajaji ifike mlangoni kwangu, na mwanangu akirithi, arithi kitu chenye namba. Basi."

Munira, aliyetoka na mwiko wake, hakumwangalia Mwalimu, aliniangalia mie. Akasema neno moja: "Kiti."

Ngoja niwaeleze hicho kiti, ingawa sipendi. Masika yaliyopita Mwalimu alizidiwa na presha, ikabidi akimbizwe hospitali ya Mwananyamala. Bajaji ikaishia barabara kubwa, haikuweza kuingia. Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, watu wanne tukambeba, mie nikiwa mmoja wao, mbele kulia. Tulipofika ubavuni mwa nyumba yangu kiti kikakwama, mguu mmoja kwenye nguzo yangu, wa pili unaning'inia korongoni, mvua inanyesha. Tukasimama pale tunageuza, tunainamisha, Mwalimu amefumba macho, anapumua kwa shida. Na mie, wenzangu, Mungu anisamehe, nilisikia sauti yangu ikisema, "Taratibu, msivunje tofali la maua."

Alisikia. Alikuwa anaumwa, hakuwa kiziwi. Alipotoka hospitali alinishukuru kwa kumbeba.

Nilimwambia Vaileth alete kalamu. Fomu yangu ilikuwa kwenye bahasha ileile, chini kabisa, imekunjamana kwa kubebwa kila nyumba. Nikaisaini juu ya nguzo, maana hapakuwa na meza. Leonardi akasaini ushahidi. Mwenye banda la kuku akaomba kuweka jina lake na yeye, akaambiwa nafasi hakuna, akaweka nyuma ya karatasi.

"Na zile hatua, Mwalimu?" nikamuuliza pembeni, watu wakiondoka. "Zile za siku ile."

"Niliziona," akasema. "Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, Mzee Faraji. Mtoto akitembea hivyo, ujue ana kitu mfukoni."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimechoka kupanga nyumba za watu. Na niliona majirani wengine wabaya zaidi."

Sijui kama nilisifiwa. Sikuuliza.

Baraza nililibomoa mwenyewe, Jumapili, kwa nyundo ya kuazima. Nguzo mbili zilianguka vizuri, ya tatu ikanichelewesha mpaka adhuhuri, ya nne ikabidi nisaidiwe na walewale waliokuwa wakihesabu. Vigae vyekundu nilimpa mwenye choo. Vaileth aliweka bikoni yake kwa sementi chini ya dirisha la sebule, akaandika namba, akaupeleka mchoro Jumatatu kama alivyosema, na kiwanja cha nyuma kikiwamo.

Sasa nakaa kwenye kigoda mlangoni, nusu yangu ndani. Wiki iliyopita bajaji ilikata kona kutoka barabara kubwa, ikaja polepole, ikasimama mbele yangu. Dereva mgeni. Nyuma ameketi Mwalimu Auleria na madumu yake ya maji na mkungu wa ndizi, anamwacha dereva aulize.

"Shikamoo mzee. Hii njia gari linapita? Isije ikawa kwa mtu."

"Marahaba. Ilikuwa kwa mtu," nikamwambia. "Pita, mwanangu, mpaka mlangoni kwake."