Mashine ya Mlangoni Ilisema Mzee Kufuli Katoka Kabla Hajaingia

Jumatatu hiyo mashine ya vidole ya mlangoni kwetu ilisema Mzee Kufuli katoka kazini kabla hajaingia.

Soma tena. Katoka. Halafu ndiyo akaingia.

Mzee Kufuli ndiye mtunza stoo wetu. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

"Mzee, leo umekuja kinyumenyume?" dada wa mapokezi akamuuliza.

"Nilitoka kunywa chai tu, wanangu," akasema, mwenyewe akicheka.

Kicheko kilikatika Alhamisi. Projekta mpya ilitoweka stoo.

Bosi akatuita wote, akawasha picha za kamera. Mtu anatoka stoo kwa mlango wa nyuma, kakumbatia boksi kubwa, uso hauonekani. Unaona boksi lenye miguu. Kamera inasema saa mbili asubuhi.

"Mzee, saa mbili ulikuwa wapi?"

"Stoo, Bosi. Nimekaa pale pale. Hakupita hata nzi."

"Basi nzi ni wewe."

Bosi akampa mpaka Jumatatu: projekta irudi, la sivyo afungashe virago.

Mimi ndiye fundi wa mtandao pale. Roho iliniuma, nikajitia kimbelembele.

"Bosi, mtandao uliotuambia mtu katoka kabla hajaingia ndio huo huo unaoiambia kamera saa. Tuuamini?"

"Fundi, kazi yako waya. Shika waya."

Nikashika waya kweli.

Nikakuta kamera, mashine ya mlangoni, ruta, swichi, kila kifaa kinachukua saa sehemu moja tu: kompyuta ya Bosi! Nikampigia fundi aliyenitangulia.

"Sasa ulitaka nimweke nani?" akanijibu. "Si yeye ndiye mkubwa?"

Jamani.

Ijumaa asubuhi nikasimama mlangoni najifanya nafuta vumbi kwenye mashine, simu yangu mkononi ili nilinganishe saa. Saa tatu na ushee, Bosi huyo. Akapita kama upepo, hakuweka kidole. Mlango wa ofisi yake, pa!

Punde mashine ikaruka nyuma. Ikasoma saa mbili kasoro.

Bosi akatoka anapiga mluzi, akaweka kidole.

"Karibu. Umewahi," mashine ikamwambia kwa sauti yake laini.

Akarudi ndani. Baada ya muda kidogo saa ikarejea mahali pake, kama hakijatokea kitu.

Nilijing'ata ulimi nisicheke. Kampuni ni ya dada yake, sisi tunamwita Dada Mkubwa, na yule mama hana mchezo na wachelewaji. Kumbe Bosi kila akichelewa anairudisha saa ya ofisi nzima!

Ndiyo maana Mzee "alitoka" kabla ya kuingia. Alikwenda chai wakati saa imerudishwa nyuma.

Kamera nayo huuliza saa mara moja kwa siku, na ilikuwa inauliza wakati ule ule wa uongo. Ikawa imechelewa kwa zaidi ya saa nzima hadi kesho yake. Saa mbili ya kamera ilikuwa saa tatu na kitu ya kweli, na saa tatu na kitu Mzee Kufuli yuko chai.

Sikumwambia mtu. Ningemvaa Bosi mchana kweupe, virago vingekuwa vyangu. Nikabadilisha chanzo cha saa tu.

Sikilizeni, hapa wengi hukosea. Saa moja ikikudanganya, hutajua. Mbili zikigombana, hujui umwamini nani. Tatu, moja ikizimika umerudi kule kule. Nikachukua nne, za taasisi tofauti zinazotunza saa kama mboni ya jicho. Mmoja akidanganya, watatu wanamsuta. Seva yetu inawauliza hao wanne, vifaa vyote vinaiuliza seva, na nywila ninayo mimi.

Kompyuta ya Bosi nikaiacha ijidanganye yenyewe.

Jumatatu tukakusanyika mapokezi. Mzee Kufuli kashafunga begi lake. Bosi akaingia.

"Nisubirini," akasema, akapitiliza ofisini.

Akatoka na mluzi wake. Kidole kwenye mashine.

"Saa tatu na robo. Umechelewa."

Akaweka tena.

"Umechelewa."

"Fundi! Mashine imepata wazimu!"

"Imepona, Bosi."

"Mwache fundi wa watu," sauti ikatoka nyuma yetu.

Dada Mkubwa. Na boksi la projekta mikononi.

"Alhamisi nilikuja kukuona, mdogo wangu. Saa tatu imepita, hujafika. Nikachukua projekta ya mkutano wangu, nikapitia mlango wa nyuma, ufunguo si ninao? Sikuaga mtu. Nikasema ngoja nione atadai kaingia saa ngapi. Jioni naangalia, mashine inasema umewahi kuliko jogoo!"

Akamgeukia Mzee Kufuli.

"Na huyu baba mbona kashika begi?"

"Anafukuzwa," dada wa mapokezi akaropoka. "Eti kaiba hiyo projekta."

Dada Mkubwa alibadilika sura. Akambwagia mdogo wake lile boksi.

"Muombe radhi. Hapa hapa, wote tusikie."

Bosi aliomba radhi kwa sauti ndogo kama ya kinda.

"Yamekwisha, mwanangu," Mzee akamjibu. "Ila ujue mke wangu siku zote hizi hakula."

Hapo hakuna aliyecheka.

Siku hizi Bosi ndiye anayefungua ofisi asubuhi. Adhabu ya dada yake hiyo.

Siku ile, kabla hajaondoka, Dada Mkubwa alinivuta pembeni, akanong'ona, "Fundi, hizo saa zako nne zinaweza kufungwa nyumbani? Shemeji yako naye kila siku anadai alirudi mapema."

Ndugu zangu, kabla hujamhukumu mtu kwa saa, uliza kwanza hiyo saa inamsikiliza nani. Ukiambiwa inamsikiliza mkubwa mmoja peke yake, tafuta wengine watatu.