Wepukhulu na Sufuria Iliyoisha Muda

Wepukhulu wa mtaa wa Kianda ni fundi wa helikopta, na hilo utalijua kabla hujajua jina lake. Mwambie "niaje" tu, atakueleza kwamba kuna spea ambazo muda wake ukiisha lazima zitolewe, hata kama zinang'aa. Ufa huanza mahali jicho halifiki, na huko juu hakuna kando ya barabara pa kuegesha umpigie fundi simu. Spea ikishatolewa hukatwa kwa msumeno wa chuma, asije mjanja akaiuza irudi angani. Hapo yuko sawa kabisa, na Mungu ambariki.

Balaa ni kwamba sheria hiyo alirudi nayo nyumbani!

Alianza na ndala za mkewe, Nekoye. "Zimefika muda," akasema, akazikata katikati. Ikafuata ndoo. Mwavuli je? Huo aliukata mvua ikinyesha, ebu fikiria! Mafundi wa jua kali wa Laini Saba, ambao kwao hakuna kitu kisichounganika, walisema huyo ni mtu wa kuombewa.

Jumamosi moja akaikazia macho sufuria ya ugali. Nekoye alipewa sufuria hiyo na mama yake siku ya kuolewa, akaja nayo kutoka Bungoma akiwa ameipakata. Imebondeka kitako, lakini aliipenda mno. Na mama mwenyewe alikuwa anakuja kesho yake kuwatembelea.

"Hii ilianza kazi lini?" Wepukhulu akauliza, msumeno mkononi.

"Siku uliyonioa."

"Basi muda wake umeisha."

Nekoye akahisi machozi yanamlenga. Akayameza, akanyoosha mkono.

"Lete msumeno, Baba Trizah."

"Unataka kuikata mwenyewe?"

"Nyinyi wawili mlianza kazi siku moja. Nawatoa wote. Na kitu kikishatolewa si lazima kikatwe? Kaa hapo kwa stuli. Nianzie wapi?"

Wepukhulu akacheka. Nekoye hakucheka. Wepukhulu akacheka tena, kidogo tu.

"Lakini mimi bado nafanya kazi vizuri!"

"Hata sufuria inafanya."

"Mama Trizah, ile sheria ni ya helikopta. Sufuria hairuki."

"Na ndala zangu ziliruka lini?"

 Hapo fundi wetu akauchukua msumeno taratibu, akaurudisha kwenye begi la kazi, kisha akatoka kwenda kununua ndala. Alinunua na mwavuli.

Jumapili mama mkwe alikaribishwa kwa ugali uliotoka kwenye sufuria ile ile. Wepukhulu, kwa mila ya kwao ya kutokula mbele ya mama mkwe, alikula akiwa nje, mgongo ukutani. Ukuta ni wa bati jembamba, akasikia kila kitu.

"Sufuria yangu bado iko sawa," mama akasema. "Na huyu mume, bado anafanya kazi?"

Wepukhulu akaacha kutafuna.

"Bado, mama," Nekoye akajibu. "Lakini siku hizi namkagua kila jioni."