Foleni ya Maji ya Mti

Mtaani kwetu Bulla Pesa, wakati wa ukame, mtungi ndio unaopanga foleni, si mtu. Unauacha kwenye mstari alfajiri, unaufunga kamba na wa jirani ili mtu asikuruke, kisha unarudi kuchemsha chai. Ukikuta kamba imekatwa, siku yako imeanza na ngumi. Nimeona wanawake wenye heshima zao, waliotoka tu kupeana salaam aleikum, wakivutana mabuibui hadi yakapasuka.

Nilikuwa kidato cha pili, na kando ya mitungi ya mama nilipanga kidumu changu kidogo. Hicho kilikuwa cha mti. Chama cha mazingira shuleni kilikuwa na sheria ya kikatili: kila mwanafunzi alipanda mti wake na kuuletea maji kutoka nyumbani, na ukikauka, aliung'oa mwenyewe gwarideni huku wenzake wakimzomea. Miti yote ya mstari wetu ilikuwa imeng'olewa. Ulibaki mwarobaini wangu tu, nao ulikuwa umeanza kunyauka.

Niliapa kwamba wangu haung'oki. Msidhani nilikuwa malaika wa mazingira. Nilikuwa na hasira. Nilichoka kusomea chini ya mabati yaliyotuoka kama mikate, nilichoka kuona wenzangu wakizirai kwenye hesabu, na nilichoka zaidi na redio iliyotuambia hali ya hewa imebadilika, utadhani sisi tulikuwa tumelala.

Mama hakuutaka mti huo hata kuusikia.

"Mimi naosha watoto na kikombe, na wewe unabebea mti maji," alifoka kila asubuhi. "Wallahi, siku moja nitakuja hiyo shule niing'oe mimi mwenyewe."

Siku vita vilipotufikia sisi, mimi na mama tulikuwa foleni na bomba lilikuwa likitoa maji membamba kama uzi. Nyuma yangu alisimama mwanamke mmoja aliyehamia mjini kutoka Sericho baada ya ng'ombe wake wote kufa. Alinitazama nikijaza kidumu hadi mdomoni.

"Hii kidogo ni ya nini?"

"Ni ya mti, mama. Ya shule."

Foleni nzima iligeuka kututazama.

"Mti?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ng'ombe zangu zimekufa kiu nikiona na macho, na hapa mti inakunywa?"

Alikipiga teke. Kidumu kikapasuka ubavuni na maji yakazama mchangani mbele ya macho yangu. Nilimrukia. Alikuwa na nguvu za mtu aliyevuta maji kisimani maisha yake yote. Alinikamata mtandio, akausokota shingoni hadi nikaona giza, akanibamiza kichwa kwenye saruji ya kibanda cha bomba. Wengine walipiga mayowe aniachilie. Wengine walipiga mayowe aniongeze.

Ndipo mama akaacha mitungi yake, jambo ambalo hakuna mwenye akili anayelifanya kwenye foleni ile. Alimkamata yule mwanamke kiunoni wakaanguka chini pamoja, wakang'atana, wakapigana vichwa. Mtungi uliojaa ukapinduka ukampiga mama mdomoni. Jino la mbele likatoka. Vijana wa bodaboda walipowatenganisha, yule wa Sericho aliketi kwenye tope akalia kwa sauti, akiwaita ng'ombe wake kwa majina yao, mmoja mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia maisha yangu yote, lakini nilishindwa hata siku ile ile.

Tulirudi nyumbani na mtungi mmoja tu, maana bomba lilikauka tukingali tunatukanana.

Mama alisukutua mdomo juu ya beseni na damu ikatoka nyingi. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja fimbo. Hakuishika. Alinawa uso katika maji yale yale, akanawisha wadogo zangu miguu, akanivuta na mimi akaniosha damu ya kichwani. Kisha akayachuja kwa leso yake ndani ya galoni tupu la mafuta ya kupikia, akafunga kifuniko na kunikabidhi. Yalikuwa mekundu na mazito ya vumbi.

"Pelekea huyo mti yako," alisema, maneno yakimponyoka kwenye pengo. "Hii hakuna mtu atapigania."