Mfilipino Aliyetukataza Kung'oa Migomba

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi nikiwa nyumbani Buhembe, hapa Bukoba, nikikaza uzio wa banda la kuku, akaniambia bila hata kunisalimu, "Yule Mfilipino wako amefariki." Nikamuuliza nani amemwambia. Akasema binti wa marehemu ameandika kwa Kiingereza kwenye simu, na shemeji yangu, yaani mkewe, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyemsomea. Nilimwomba asimwambie mtu mpaka niulize mwenyewe, maana tangu bwana huyo aondoke kwetu maneno ya watu yalikuwa yamemuua zaidi ya mara moja. Kuna waliosema amefia gerezani kwao, wengine wakasema amezama baharini, na mmoja aliniapia sokoni Muleba kwamba amemwona Kampala kwenye gari la kampuni ya ndizi. Ilipofika mchana binti yake alinijibu. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa muda mrefu, akalala hospitali, na tayari walikuwa wamemzika. Nilirudi kwenye uzio wangu, lakini kazi haikuenda.

Msomaji anayenifuata katika safu hii anajua kwamba siandiki habari za wageni kwa urahisi. Nimewaona wengi wakija na kuondoka. Huyu alikuwa mzee mfupi, mkimya, mwenye kofia ya kitambaa iliyopauka kwa jua, na alipanga nyumba ndogo Muleba mjini, nyuma ya soko. Watoto walimwita Mchina, naye baada ya kuwasahihisha kwa wiki chache akachoka, akawa anaitika. Alikuja kujitolea kama mshauri wa biashara ya kilimo kwa wakulima wadogo, na neno hilo la kujitolea ndilo lililoharibu mambo tangu mwanzo. Huku kwetu mtu anaweza kukusaidia kwa sababu ni ndugu yako, jirani yako au mtu wa jumuiya yako ya kanisani. Lakini mtu avuke bahari aje akuonyeshe namna ya kuuza ndizi zako, halafu aseme hataki chochote? Wakulima wa Muleba wameshauriwa mengi. Waliambiwa wapande mibono ya mafuta, wakapanda, na mnunuzi hakuonekana. Waliambiwa vanila itawatajirisha, wakaishia kulala shambani kulinda maganda dhidi ya wezi. Kila mshauri alikuja na tabasamu, na hakuna aliyebaki kula hasara pamoja nao.

Nami nilimshuku kama wengine. Tulipokutana mara ya kwanza Bukoba, katika hoteli moja karibu na stendi, sikumficha. Nilimuuliza alifanya kazi gani kabla ya kuja. Akanijibu kwamba karibu maisha yake yote alifanya kazi katika makampuni makubwa ya ndizi kwao, na kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini akiwashawishi wakulima waingie mikataba. Alilisema hilo huku akikoroga chai, kama mtu anayetaja kabila lake. Nikamuuliza sasa nani anamlipa. "Shirika lililonileta linanilipia nyumba na chakula," alisema. Nikamuuliza shirika hilo linalipwa na nani. Aliweka kijiko chini, akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Hilo nami nimeanza kuliuliza," akasema. "Ningekuwa wewe, nisingemwamini mtu kama mimi." Nilitoka pale nikiwa na wasiwasi zaidi ya nilioingia nao, kwa sababu mwongo mzoefu naye huanza hivyo hivyo.

Miezi michache baadaye jambo lenyewe likajitokeza. Mnunuzi kutoka nje ya mkoa alikuja na mkataba wa kununua ndizi za kuiva za kusafirisha nje, zile ndefu zenye ngozi laini. Mkulima angetakiwa kung'oa migomba ya ndizi za kupika, apande mbegu ya mnunuzi, na mavuno yote yauzwe kwake tu. Shirika lililomleta Mfilipino liliupenda mpango huo, na yeye ndiye alipaswa kuwaeleza wakulima faida zake. Kaka yangu alikuwa wa kwanza kuufurahia. Yeye ndiye aliyebaki Muleba kwenye kibanja cha baba yetu, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambamo baba mwenyewe amezikwa. Migomba ile ni ya kabla hatujazaliwa. Nilimwambia afikiri vizuri. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe unakula mshahara Bukoba. Mimi nakula hapa."

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa. Mkalimani alikuwa kijana wa shirika, lakini kabla hajafungua mdomo mama mmoja mjane, jirani yetu wa tangu utoto wangu, alisimama akaomba mkalimani abadilishwe. "Waitu, ndugu zangu, huyu analishwa na waliomleta mgeni," alisema kwa heshima zote. "Tutajuaje kama hatupunguzii maneno?" Akaninyooshea kidole mimi. "Mtoto wa hapa atafsiri. Akitudanganya tunajua kwao." Ndivyo nilivyojikuta mbele ya watu wangu, nimesimama kati ya Mfilipino na mwakilishi wa mnunuzi, nikisubiri kutafsiri hotuba ambayo nilidhani ninaijua tayari.

Mfilipino alisema hivi, nami nilitafsiri neno kwa neno, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kihaya kwa ajili ya wazee. "Nimetumwa niwaambie mkubali. Ninachowashauri ni kwamba msing'oe migomba ya nyumbani. Kama mnaitaka ndizi yao, ipandeni kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi, kila mtu kipande kidogo, muone. Na mumwombe mnunuzi aandike kwamba atachukua hata mikungu midogo na yenye madoa. Akikataa kuandika, mjue hatachukua." Mwakilishi wa mnunuzi aliinuka, akamuuliza kwa Kiingereza ni nani amemtuma kusema hayo, na hilo nalo nililitafsiri. Mfilipino akajibu kwamba hakuna aliyemtuma. Kwao amewahi kuona vijiji ambavyo mnunuzi aliondoka, na watu wakanunua chakula dukani huku wamezungukwa na migomba.

Nilitegemea watu wamshangilie. Mimi mwenyewe moyo ulilainika kidogo pale. Lakini mjane alisimama tena, akatikisa kichwa. "Waitu, mtu anayemgeuka aliyemleta, kesho atatugeuka sisi." Minong'ono ikaanza, na kila mnong'ono ulikuwa na akili yake. Kwamba bila shaka kuna kampuni nyingine nyuma yake. Kwamba anataka mnunuzi huyu aondoke ili wenzake waje wakati sisi tumekata tamaa. Kwamba si alisema mwenyewe alikuwa mtu wa makampuni? Kaka yangu alinivuta pembeni mlangoni. "Umesikia alivyoongea? Mtu hawezi kumpinga mwajiri wake bure." Hata mimi nilikuwa nikijiuliza hilo hilo. Wakulima waligawanyika. Wengine walitia saini siku ile ile, kaka yangu akiwa miongoni mwao. Mjane hakutia saini. Hakumwamini Mfilipino wala mnunuzi, akarudi kwake kupalilia.

Shirika lilimwita Mfilipino arudi kwao kabla muda wake haujaisha. Siku ya kuaga alipita kwa kaka yangu, nami nilikuwepo. Migomba ya upande wa barabara ilikuwa imeshalala chini, na ya karibu na kaburi la baba ilikuwa imebaki mistari miwili tu. Kwetu mgeni akifika hata kwa dakika chache hupewa buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kaka yangu hakuzitoa. Mfilipino alikaa kwenye benchi, mikono magotini, akisubiri kitu ambacho alikwisha kujifunza kwamba hutolewa. Mwishowe aliinuka, akasema kwa Kihaya chake kibovu, "Kasinge," yaani asante, akaenda. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kwa nini hasa alikuja Kagera. Alisema mkewe alipofariki nyumba ilimshinda kwa ukubwa. Lakini nilikumbuka kwamba Bukoba aliwahi kumwambia rafiki yangu kuwa alikuja kwa sababu alistaafu akiwa na deni la dhamiri. Majibu mawili, mtu mmoja. Nilimpa mkono, na mashaka yangu nikarudi nayo nyumbani.

Mnunuzi alikuja msimu wa kwanza. Alichukua mikungu mizuri, mingine akaikataa kwa madoa ambayo kaka yangu alilazimika kuvaa miwani kuyaona. Msimu wa pili lori halikuja, na namba ya mwakilishi ikawa haipatikani. Ndizi ziliiva zote kwa pamoja. Ukizipika zinakuwa maji, na sokoni Muleba kila aliyetia saini alikuwa amezileta. Nilipokwenda kumtembelea nilimkuta kaka akiwalisha nguruwe ndizi hizo, na shemeji yangu amenunua unga wa mahindi dukani. Mtu wa Kagera kula ugali siku nenda siku rudi huku amezungukwa na migomba ni jambo linalomwondolea usemi. Hakunilaumu wala sikumkumbusha. Aliomba tu namba ya Mfilipino.

Wakaanza kuandikiana, nami na shemeji tukiwa wakalimani. Mzee yule hakuuliza lori lilikwenda wapi. Alimwambia kaka atafute machipukizi kwenye shamba lisilo na ugonjwa wa mnyauko, apitishe panga motoni kila anapohama kutoka mgomba mmoja hadi mwingine, na aanze na eneo la karibu na jikoni. Machipukizi yenyewe kaka aliyaomba kwa mjane, aliyempa bila maneno mengi. Migomba ile sasa inazaa. Lakini hata leo wapo Muleba wanaoamini kwamba Mfilipino ndiye aliyemtisha mnunuzi akakimbia, na siwezi kuapa kwamba wamekosea. Maneno aliyoyasema ukumbini yalisikiwa na mwakilishi pia.

Jumapili iliyopita kaka aliomba padri amtaje marehemu kwenye misa. Mjane, ambaye sasa anatembelea fimbo, alimngoja nje ya kanisa akamuuliza kama kweli yule mtu alikuwa Mkatoliki. Kaka akasema ndiyo, alikuwa akisali naye hapa hapa. "Kusali nilimwona," mjane akasema. "Basi apumzike." Sidhani kwamba alimaanisha amemwamini. Nadhani alimaanisha kwamba sasa anaweza kumwacha.

Sijui mpaka leo kwa nini alivuka bahari kuja kwetu, na sitajifanya kwamba kifo chake kimenijulisha. Kushuku kwenyewe sikujutii, kwa sababu tuna sababu za kutosha. Ninachokiona sasa ni kwamba tulishuku upande mmoja. Mfilipino hatukumwelewa, tukamhoji mpaka kofia. Mnunuzi tulimwelewa vizuri sana: alitaka faida, kama tunavyoitaka sisi, na kwa kuwa tulimwelewa tukadhani tumemwamini kwa haki. Yule aliyekuwa na cha kupoteza kwa maneno yake, na akakipoteza, ndiye tuliyemnyima buni. Akija mwingine kesho, na atakuja, tumhoji kama tulivyozoea. Ila tukimaliza kumhoji yeye, tuyachukue maneno yake peke yake, tuyaweke mezani bila sura yake, tuyapime. Kisha tumgeukie na yule tuliyedhani tunamjua, tumhoji kwa ukali ule ule.