Picha za Gemu Machoni mwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Mpendae kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, kushoto na kulia, na hospitali ilimtaka arudi mara kwa mara kuangaliwa baada ya kupasuliwa. Kwenda na kurudi kijijini kwake Uroa kila mara kungemchosha, kwa hivyo mke wangu akamtandikia chumba cha mbele, na mimi nikaambiwa nijipange.

Kujipanga kwenyewe kulikuwa na maana moja tu. Nina zaidi ya miaka arubaini, nina mke na mabinti wawili, na nnacheza gemu. Ni gemu ya mtandaoni, ya nchi ya kubuni yenye majoka na ngome, ambayo watu wa kila pembe ya dunia huingia pamoja, kila mmoja na mhusika wake wa kumwendesha. Wangu ni askari mwenye ngao, na nimekuwa naye tangu kabla sijaoa. Mke wangu anajua na alishanisamehe zamani, ingawa yeye humwita askari wangu mke mwenzake. Mama yake ndiye aliyekuwa hajui. Miaka yote aliambiwa kwamba nikikaa mbele ya kompyuta nipo kazini. Huo haukuwa uongo mtupu, maana kazi yangu kweli ni ya picha: nimeajiriwa na ofisi moja Mji Mkongwe inayotengeneza matangazo ya hoteli, na mimi ndiye ninayezisafisha picha kabla hazijatolewa. Kila alipokuja kututembelea, macho yake yalikuwa na ukungu. Alipita nyuma yangu, akaona rangi rangi, akaniombea dua ya riziki.

Kisha akafunguliwa bandeji.

Siku ile ya kwanza aliona vumbi juu ya kabati, akaona ufa wa ukutani tulioufunika kwa kalenda, akaona mvi zangu. Alimwambia binti yake, mimi nikiwa pale pale, kwamba kumbe walimwoza mzee na hakuna aliyemwambia. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali, na nyuma yake macho yalikuwa yakizunguka nyumba nzima kama mkaguzi.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, nilidhani kalala. Nikafungua gemu. Kabla haijaanza huwa inatoa picha kubwa inayojaa kioo chote, na ya wakati huo ilikuwa ni kasri juu ya bahari, na mbele yake mwanamke mwenye mbawa za dhahabu.

"Hoteli ya wapi hiyo?" nikasikia sauti nyuma yangu. "Na huyu mwenye mbawa ndiye anayepokea wageni?"

Mkwe hadanganywi usoni. Nilisimama, nikampa kiti, nikamweleza yote, pamoja na ile miaka ya kazi zisizokuwa kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama humo ndani watu wanakunywa pombe. Nikasema ipo, lakini askari wangu hanywi. Akasema alhamdulillahi, basi na amwone.

Niseme hapa kwamba mama mkwe wangu ameshona kofia tangu msichana. Zile kofia za kiua zinazotobolewa tundu moja moja na kuzungushiwa uzi, ambazo moja humaliza miezi. Macho ndiyo yaliyomkatisha. Kwa hiyo alipokabidhiwa macho mapya hakutazama kitu kama tunavyotazama sisi. Alikikagua kwa mshono wake. Aliposikia kwamba nimehifadhi kila picha ya mwanzo tangu gemu ilipoanza, maana wenye gemu huibadilisha kila wanapotoa toleo jipya, hakutaka tena habari za askari. Alitaka picha, na kwa mpangilio, ya zamani kwanza.

Ya zamani ni milima yenye ukungu na njia nyembamba inayopanda mpaka inapotea. Chini kabisa pana mtu mdogo kama punje, katupa mgongo, kashika taa. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu aliyechora alikuwa na nafasi," alisema. "Na hawa walitaka mtu atembee."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Miaka ile ya mwanzo hakukuwa na farasi wala njia ya mkato. Kuuvuka msitu mmoja kulichukua muda wa kuchemsha maharage yakaiva, na hakuna aliyelalamika. Tulikuwa tunakwenda tu kuona kilichoko ng'ambo. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

Picha iliyofuata ilikuwa ni nyuso mbili kubwa zinazokabiliana, meno nje, panga zimekutana katikati. Milima imekuwa moshi.

Aliuliza njia imekwenda wapi. Nikasema haipo. Akasema hakuna pa kwenda humo, hao wanataka watu wapigane, basi. Nikakiri kwamba mwaka ule ndio walipoleta uwanja wa mapambano, wachezaji kwa wachezaji, na wengi tukaacha misitu tukawa tunagombana humo uwanjani kutwa. Nilikuwa nimeiona picha ile mara elfu na sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliichora ili anifanye nigombane.

Pembeni ya nyuso zile alikuwepo tabibu wa kike, amesimama vitani na vipande viwili vya chuma na kitambaa kisichozidi leso. Nilijaribu kuipitisha picha haraka.

"Rudi," alisema. Nikarudi, nikatazama dirishani. "Maskini, huyu kaibiwa?"

Kutoka jikoni nilimsikia mke wangu akijikohoza.

Nilimwonyesha picha ya miaka ya baadaye, ambamo tabibu yule yule amevaa joho mpaka kifundoni, viatu vya ngozi na mkoba wa dawa begani. Nikaeleza kwamba wanawake wanaocheza waliongezeka, wakalalamika kwa wenye gemu, nao wakamvisha. Mama akasema basi wameona haya. Nikasema si haya, ni biashara, hawakutaka kupoteza wateja. Akasema yeye hajali haya imeingilia mlango gani, maadamu mtoto wa watu kavaa.

Tukafika kwenye zile zenye mbawa, vilemba vya almasi na majoho yanayometameta. Hapo alivua miwani myeusi, kinyume cha amri ya daktari, akasogea. Alinionyesha mwanga ulivyopangwa. Katika zile za mwanzo mwanga ulikuwa kwenye njia. Katika za vita ulikuwa kwenye macho. Humu ulikuwa begani, kwenye pindo, kwenye mshipi, na nyuso zenyewe zilikuwa zimechorwa kwa uvivu, zote za mama mmoja.

"Hii si picha ya mtu, baba. Ni picha ya nguo. Mnauziwa."

Nilisema duka lipo kweli, lakini mimi mtu mzima sinunui nguo za kwenye gemu. Mke wangu akasema kutoka jikoni kwamba mama aulize habari za joho jekundu. Mama akauliza. Nikafungua, akamwona askari wangu ndani ya joho jekundu lenye manyoya shingoni. Akalisifu sana. Akasema kwa joto la huku angelivaa siku moja tu.

Kuna mahali alikosea, na nilifurahi kupita kiasi. Picha za miaka ya karibuni, hata ile ya kasri, zina rangi kali na mistari minene, vitu vichache na vikubwa. Akasema wameacha watu wazima, sasa wanawatafuta watoto. Nikamweleza kwamba gemu imehamia kwenye simu. Watu wanaichezea barabarani, juani, kwenye vioo vidogo vilivyopasuka, na ule ukungu wa zamani huko hauonekani kabisa, tena unaichosha simu. Alilifikiria jambo hilo, akasema hapo nimemfunga. Nilitembea kidogo nyumbani mle, kifua mbele, mpaka mke wangu akanituma mkaa.

Kuanzia siku hiyo, kila baada ya Alasiri alikuja na kiti chake. Hakutaka mapambano. Nikikutana na adui huuliza kanikosea nini. Alitaka apelekwe kwenye soko la samaki la mji mmoja wa pwani uliomo mle, asimame, aangalie namna walivyochora magamba. Wenzangu wa kikosi wakaanza kuniandikia: mbona askari kasimama sokoni, joka linatusubiri. Nikawajibu kwamba nipo na mama mkwe. Mmoja wao, wa nchi nisiyoijua, akaandika kwamba nisiondoke hapo mpaka aridhike.

Ilikuwa wiki ya mwisho aliposema gemu ameshaiona, sasa anataka kuona kazi yangu ya kweli. Nikafurahi. Nikafungua picha niliyokuwa nikijivunia, ya ufuo wa hoteli moja: mchanga mweupe, maji ya kijani kibichi, mnazi ulioinama. Sikukumbuka kabisa ni wapi.

Yeye aliujua mnazi.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Mwani wetu uko wapi?"

Huko Uroa maji yakitoka, sehemu ile imejaa vijiti na kamba ambazo akina mama wamefungia mwani wao. Hoteli ilitaka bahari tupu. Nilifuta vijiti kimoja kimoja, kazi ya siku mbili, safi, hata mwenyewe nisingejua vilipokuwa. Nilimwambia hivyo kwa sauti iliyozidi kupungua kwa kila neno. Akauliza na watu? Nikasema walikuwepo wanawake watatu wameinama. Akaniambia nifungue picha ya asili.

Nikaifungua. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mwenye kanga ya manjano alikuwa jirani yake. Wa pili hakumtambua. Wa tatu alishika ndoo, kageuza uso kidogo.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Umemfuta mama yako mdogo."

Mama yangu mdogo huyo ndiye aliyenipikia siku ya harusi yangu, na sikumtambua hata nilipokuwa nikimwondoa kidogo kidogo, kuanzia kwenye ndoo. Mama hakukasirika, na labda ningependa angekasirika. Alisema tu kwamba wale wa kwenye gemu angalau walichora watu ambao hawapo. Kisha akaomba simu, akampigia mdogo wake, akamweleza kila kitu mbele yangu, na nikasikia kicheko kirefu upande wa pili. Tangu siku ile mama mdogo akinisalimia huniuliza kama leo anaonekana.

Nilikwenda ofisini nikamwomba mkuu wangu tuiache picha na vijiti vyake. Akasema wageni hawaji kuangalia vijiti. Nikaisafisha upya kama nilivyoagizwa, ila mtu mmoja nikamwacha. Picha ikatoka hivyo: bahari tupu, na mama mdogo peke yake, mdogo sana, na ndoo yake. Mkuu aliikagua, akasema vizuri, huyu mgeni anayeokota makombe ya bahari kaipa picha uhai.

Mama mkwe alirudi Uroa macho yakiwa mazima. Nyumba ikawa kimya, nami nikarudi kwenye majoka yangu, lakini kitu kilikuwa kimeharibika. Kila picha niliyoitazama nilianza kutafuta mwanga umewekwa wapi, na nani kafutwa.

Miezi kadhaa baadaye gemu ikatoa toleo jipya. Picha yake haikuwa na mbawa wala panga. Ilikuwa ni moto uliowashwa uwanjani, watu wengi wadogo wadogo wameuzunguka, wanakula, na nyuma yao njia nyembamba inapanda milimani. Nilifurahi. Nilidhani wamerudi walikotoka. Nikampigia simu mama, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza picha nzima.

Aliuliza watu wameshika nini mikononi. Nikasema vyakula. Akauliza wanatazama wapi. Nikaangalia tena: nusu yao walikuwa wamegeuka, wananitazama mimi, na mmoja kanyoosha mkono kama anayekaribisha.

"Watu wamewakimbia hao wenye gemu," alisema. "Sasa wanawabembeleza."

Nilimbishia. Nikasema mbona mambo ni mazuri, na toleo hili lina karamu na kazi za kufanya pamoja. Huku nikisema hayo nilikuwa nimeshaingia ndani, na nikaona. Kikosi chetu kilichokuwa cha watu thelathini kilikuwa na taa mbili tu za kijani za waliomo ndani, mimi na yule wa nchi nisiyoijua. Uwanjani moto ulikuwa unawaka, viti vimepangwa vizuri, vingi havina mtu.

Nilimwambia mama kwamba huenda kasema kweli. Aliuliza kama bado nalivaa lile joho jekundu, nikasema ndiyo, akasema basi niketi mbali na moto, na akataka nimpe simu binti yake.