Bunduki Aliyoing'arisha Shangazi

Mwezi uliopita nilikuwa Babati kwenye msiba wa baba mkubwa, na niliondoka wasifu ukiwa bado unasomwa. Msomaji alikuwa amefika pale panaposema kwamba marehemu alikuwa na mikono ya ufundi, na kwamba ile bunduki yake iliyosifiwa na kila mgeni wake aliikwangua na kuing'arisha mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikainuka kwenye mkeka, nikaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wakipika makande, nikashika mwiko bila kuombwa. Ningebaki pale ningepiga kelele. Sasa nakwambia wewe, rafiki yangu, kwa sababu lazima nimwambie mtu.

Bunduki ile ilikuwa ya shangazi.

Nilipokuwa darasa la nne niliishi naye kijijini Bonga. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na shamba la mahindi na mbaazi, na mahindi yakianza kukomaa alikuwa na ngedere. Kabla ya shule nilikunywa uji haraka, kisha tukazunguka shamba tukigonga madebe mpaka masikio yakauma. Ngedere walishatuzoea. Walikaa juu ya miti kutusubiri tuchoke, na tulipochoka walishuka. Baada ya mavuno mabaya kuliko yote, shangazi alisimama katikati ya mabua, mikono kiunoni, akasema, "Mwakani hawanicheki tena."

Jirani mmoja mstaafu alikuwa anahamia kwao, akawa anauza bunduki yake ndogo, ile ya risasi nyembamba kuliko hata kidole changu cha mwisho. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu ilikuwa mbaya kuitazama. Kitako chake cha mbao kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani ya madirisha, nayo imebabuka vipande vipande, na chini yake kuna mabonde kana kwamba ilitumika kupigilia misumari. Shangazi akauza dume lake la ng'ombe. Baba mkubwa, ambaye ni kaka yake, alipoiona alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Dada, hiyo si silaha. Hiyo songea ugali."

Kwenye ofisi ya vibali karani hakumtazama hata usoni. "Mwanaume wa familia yuko wapi?"

"Bunduki nainunua mimi," shangazi akajibu.

"Basi mlete kaka yako aandikishe."

Sijui kama sheria ilitaka hivyo. Nadhani haikutaka. Karani alisema, ikawa. Baba mkubwa akaja, akaandika jina lake, akaomba soda, akaondoka.

Shangazi alikuwa anachonga mipini ya majembe, kwa hiyo mbao alizijua. Alitenganisha bunduki, chuma akakifungia sandukuni, kitako akakileta uani. Alivunja chupa, akachagua kigae chenye makali, akaanza kuikwangua ile rangi taratibu, na vumbi la kijani likatujaa kwenye nyusi. Kwenye mabonde aliweka kitambaa kibichi, akapitisha pasi ya mkaa juu yake. Mvuke ulipiga shii! na mbao ikavimba kidogo kidogo hadi bonde likapotea. Mimi nilidhani ni uchawi. Kisha msasa mkali, kisha msasa laini, nami nikiruhusiwa kusugua upande mmoja, "kufuata mistari ya mti, si kuikata." Mwishoni aliyeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta, akapaka kwa kiganja chake, akasugua mpaka mbao ikapata joto. Kila jioni, tukishakula ugali na mlenda, alisugua. Nyumba nzima ilinukia asali. Mbao ikatoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na mistari ambayo hakuna mtu aliyejua kuwa imo.

Msimu ule ngedere walisikia milio michache, mikavu kama kijiti kikivunjika, wakahama. Mahindi yakaanza kujaa.

Ndipo baba mkubwa akapita kusalimia. Akaiona. Safari hii hakucheka. Aliipapasa kitako muda mrefu, kisha akasema, "Hii kisheria ni yangu. Ikitokea lolote nitaulizwa mimi. Naichukua."

"Kaka, mahindi bado yako shambani."

"Si una madebe?"

Akaenda nayo. Wiki haikuisha, ngedere wakarudi.

Sikukuu ilipofika tulikwenda kwake mjini kusaidia kupokea wageni. Bunduki ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya makochi. Shangazi alikuwa anamimina chai, mimi nimebeba sinia la maandazi, mgeni mmoja akaisifu ile mbao. Baba mkubwa akajinyoosha. "Acha tu. Nimeihangaikia mwezi mzima kwa mikono hii."

"Uongo!" nikasema. "Ni shangazi!"

Wageni wakageuka. Aliyenifinya mkono alikuwa shangazi mwenyewe. "Omba radhi," akasema, bila kunitazama.

Nikasema, "Samahani baba mkubwa, nimekosea." Wageni wakacheka, wakaendelea kula.

Njiani kurudi Bonga alitembea mbele yangu kwa haraka. Kisha akasimama, akanisubiri. "Ulisema kweli, mwanangu. Lakini ndugu zangu ni hao. Nikiumwa, ni hao."

Alipoumwa kweli, miaka mingi baadaye, tulimuuguza mimi na majirani. Bunduki ilikwisha kurudishwa polisi baba mkubwa alipochoka kulipia kibali, na sijui kitako kile kiko stoo gani. Shamba limekatwa viwanja, nyumba za bati zimeota palipokuwa mbaazi, na ngedere nao hawapo. Hayo siwezi kuyarudisha, na mengine hata sidai. Ninachokidai ni ile samahani. Nilikuwa mtoto, nilikuwa nimesema kweli, na mimi ndiye niliyeomba radhi.